Colombe Nsimire, Mutoto Tuliyemusifu kwa Sababu Halii

Padri, wazazi, majirani, mimi ni Georgette, dada mukubwa, yaya wa marehemu, famille, jamaa yetu, imenipa kazi ya kusoma historia yake, na wamenishauri niseme alikuwa mupole, basi. Nitasema upole ule ulitoka wapi.

Colombe Nsimire alizaliwa hapa Bukavu, katika Ibanda, tarehe 14 Mei 1972, mutoto wa pili wa Papa Emile Mushagalusa, karani wa serikali, na wa Maman Constance, ambaye alitoka damu nyingi wakati wa kuzaa, akafa siku ileile. Siku ya ine, shangazi yetu Euphrasie alifika kutoka Bunyakiri juu ya camion, lori ya mbao, mutoto wake wa miezi mitano mugongoni, akasema, "Emile, unipe huyu, nitanyonyesha wote wawili." Papa akajibu, "Mutoto wa karani akulie porini? Masista wa kanisa wako na maziwa ya boîte, ya mukebe." Shangazi akapanda camion na mutoto mumoja.

Colombe akalelewa katika pouponnière, nyumba ya masista ya watoto wachanga, mpaka Agosti 1976: vitanda ishirini na ine, wamaman wawili tu, chupa ya maziwa ikiegemezwa juu ya kitambaa, na sheria ya kutobeba mutoto nje ya saa ya kuogeshwa, asizoee mikono. Miezi ya kwanza Papa alimukuta analia. Kufika Noeli alikuwa ananyamaza, anatazama dari. Papa akarudi na furaha, "Iko mutoto muzuri, hasumbue mutu." Wazazi mulioko hapa, alikuwa amechoka kuita.

Alipoletwa nyumbani alikuwa na miaka ine na maneno sita, alifuata mugeni yeyote aliyemunyooshea mukono, aliita kila muuza sambaza, samaki wadogo, maman, na akianguka alisimama bila kutazama mutu. Tulicheka. Tulimuita mutoto wa masista, mimi wa kwanza.

Alianza shule ya primaire hapa Muhumba Septemba 1979, akarudia darasa mara mbili, akaacha 1987, akashona uniformes za shule katika atelier, nyumba ya kushonea ya Maman Yolande. Hakuolewa. Tarehe 3 Septemba 1990 alizaa Venant, akamubeba mugongoni hata kwenye mashine, na alikuwa akiniuliza, "Yaya, analia, anataka nini?"

Jumatano tarehe 9 Januari 1991 tumbo lilimuuma, akashona, Alhamisi akashona, Ijumaa akaanguka chini ya mashine. Munganga wa hospitali alisema appendice, kidole tumbo, ilipasuka tangu jana yake, akauliza, "Hakuna mutu aliyemusikia?" Nikamujibu, "Tulilala chumba kimoja, docteur, sikusikia kitu." Alikufa Jumamosi, saa kumi ya jioni.

Jana famille ilikaa, ikaamua Venant, mutoto wa miezi ine, aende katika pouponnière ileile. Nilisema nitamulea mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, wakacheka, "Campus yako itamupa ziwa?" Shangazi Euphrasie, aliyekaa hapa mbele, akaomba mara ya pili, wakamuambia yeye ni muzee. Papa akasaini. Kwenye campus nimeshinda mijadala mingi, huu nimeupoteza.

Tunashukuru waganga waliojaribu, Maman Yolande na washonaji walioshona hii robe nyeupe aliyovaa Colombe, majirani waliotuletea kuni na maji. Kama kati yenu kuna mutu ambaye Papa anamusikiliza, aseme naye leo.

Pumzika, Colombe. Mutoto wako anaondoka kesho, saa mbili ya asubuhi.