Kosa Moja la Papa Nzanzu

Papa Nzanzu anastaafu leo, tarehe 28 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza mitambo ya nyumba yetu ya wageni hapa Tshopo. Katika daftari la kazi ana kosa moja tu. Kosa hilo si lake, ni langu. Sijawahi kumwambia mtu.

Alianza na phonie, redio ya mawasiliano ya masafa marefu. Katika vita vya siku sita hapa mjini, mwaka 2000, aliizungushia godoro lake, yeye akalala sakafuni. Mpaka leo anasema phonie ndiyo iliyokuwa mgeni, yeye mtumishi.

Mwaka huu vita vilipofika Goma, mpishi wetu, Mama Clémence, alikuwa akingoja habari za binti yake Plamedie aliyekuwa huko. Wi-Fi haikufika jikoni. Papa akatoa ruta ya zamani ya Wi-Fi kwenye boksi la vyuma chakavu, akaiunganisha kwa waya na ile mpya, akaiachia kazi ya kusambaza mawimbi tu. Kugawa anwani za mtandao kwa simu aliizuia: sufuria moja ya sombe, alituambia, haipakuliwi na wapishi wawili.

Wiki ya pili mimi, stagiaire, mwanagenzi wa mapokezi, niliona taa ya ruta hiyo ya zamani inawaka na kuzima. Nikabonyeza kitundu cha nyuma kwa kibanio cha nywele, nikidhani naiwasha upya. Kumbe nilifuta mipangilio yote. Ikaanza kugawa anwani tena, simu zikachanganyikiwa, nyumba nzima ikakosa mtandao. Mama Clémence aliunguza wali, simu mkononi.

Papa aligundua tatizo saa kumi jioni, akalirekebisha. Muda mfupi baadaye Plamedie akapiga: amevuka salama. Lakini gérante, meneja wetu, Mama Berthe, alikuwa ameshasema kwamba aliyegusa mashine ataondoka. Papa akasimama mbele yetu sote, akamgeukia Mama Berthe.

"Iko faute yangu, chef. Nilisahau kuizuia."

Yeye akaandikiwa onyo, mimi nikabaki kazini. Kesho yake alinirudishia kibanio, nilichokuwa nimekisahau kando ya ruta.

"Mutoto, hii ni ya nywele."

Akaniomba nisiitaje tena habari hiyo.

Asante, Papa. Upumzike vizuri nyumbani kwako Simi-Simi, na majirani wasikuletee redio zao zote kwa siku moja.

Mama Berthe, nitakuja ofisini kwako Jumatatu. Ninyi wengine, leo atasimulia kosa lake moja, kama kawaida yake. Karatasi hii ya programu ya sherehe hataisoma. Karatasi za sherehe zote huzikunja akaziweka chini ya ruta isiteleze. Chekeni kama siku zote. Ila msimwambie kwamba mnajua, wala msinitazame.