Mama Fidla Aliyekataa Kuwachuja Watoto

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wa dada yangu, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha yake, na wakubwa zangu wamenisihi nisome kwa upole, nami nimewaahidi kujaribu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Fidla, alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa fundi wa breki za treni na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na sekondari mwaka 1974, na huko akakutana na mwalimu wa muziki, mama mkali asiyecheka ovyo, ambaye alimkabidhi fidla yenye nyuzi tatu na kumwambia kwamba wa nne ataupata akizimudu hizo, ndipo tukaanza kuteswa nyumbani na mkwaruzo ambao baba, Mungu amrehemu, aliufananisha na breki zilizokwisha. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1981, akapangiwa shule ya msingi jirani na machinjio, akifundisha hesabu asubuhi na kuimba mchana.

Hapo ndipo alipotokea shemeji yetu, fundi seremala, aliyeitwa kutengeneza viti vya shule, na walimu waliofundisha na dada walishangaa jinsi viti vya darasa lake vilivyovunjika kupita kawaida mwaka ule, mpaka walipofunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, vikaacha kuvunjika. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1988 na mvulana mwaka 1991, wote wapo hapa, wamekaa kando ya baba yao.

Mnaokaa mitaa yetu miwili mnaujua mtaro uliokuwa ukiitenganisha, na mnakumbuka jinsi watoto wa huku na wa kule walivyorushiana mawe, nasi watu wazima tukiona ni jambo la kawaida. Dada hakuliona la kawaida. Mwezi Februari 1995 aliomba ghala la zamani la magunia, akalifagia yeye na shemeji, akakusanya fidla, selo, zumari na tarumbeta zilizotupwa na shule na makanisa, akaanzisha okestra ya vijana yenye sharti moja lisilojadiliwa, kwamba kinara kimoja cha nota kitatumiwa na watoto wawili, mmoja wa huku na mmoja wa ng'ambo, na anayejua atamfundisha asiyejua, na hakuna kwenda ukurasa wa pili mpaka wote wawili wameumaliza wa kwanza. Siku za mwanzo walinuniana, wakavutana karatasi, wengine wakatoka wanalia, lakini mtu huwezi kupiga sauti ya pili bila kumsikiliza anayepiga ya kwanza, hata kama humpendi, na taratibu wakazoeana, kisha mama zao waliokuja kuwasubiri mlangoni wakaanza kushikiana watoto wachanga, na baba zao wakaanza kusalimiana. Wazazi hao hao ndio waliokwenda pamoja, kwa mara ya kwanza, kudai mtaro ufunikwe, na ukafunikwa, ingawa leo ukisoma kibao kilichopo pale utadhani ulijifunika wenyewe kwa hisani ya wakubwa.

Niliahidi upole, lakini hapa mnisamehe. Kila mgeni aliyefika kwenye ghala lile alimpongeza dada kwa maneno yale yale, kwamba muziki unawaepusha watoto hawa na wizi na bangi, na kila mara dada alikasirika, akauliza ni nani aliyewaambia kwamba watoto hawa walikuwa njiani kwenda kuiba, na mbona watoto wao wenyewe wakijifunza piano hakuna anayeshukuru kwamba wameepuka jela. Alisema mtoto anafundishwa muziki kwa sababu ni mtoto na muziki ni mzuri, na heshima ya namna hiyo ndiyo inayomkuza. Leo asubuhi tumeletewa shada la maua lenye maneno yale yale ya wizi na bangi. Tumeliacha getini.

Mwaka 2014 idara husika, tusiitaje, iligundua ghafla kwamba okestra ni nzuri kwa picha, ikaiita mradi wake, ikapaka ghala rangi na kubandika nembo mlangoni. Mwaka 2016 ukatangazwa ujio wa wageni wakubwa, naye ofisa wa mradi akamwagiza dada alete wanaopiga vizuri tu, wenye viatu, wengine wabaki nyumbani, dada akawaleta wote, hadi wale waliokuwa wamejifunza kushika upinde wa fidla wiki ile. Ofisa akamvuta pembeni, mbele ya shemeji na mimi, akamwambia, "Mama, wageni hawana muda wa kusikiliza watoto wanaojifunza." Dada akamjibu, "Basi hawana muda na okestra hii, kwa sababu hapa wote tunajifunza, na mimi nimo."

Walipiga wote, na wageni, niseme ukweli, walisimama kupiga makofi. Mwezi uliofuata kufuli la ghala lilibadilishwa, vyombo vikachukuliwa kwa kilichoitwa uhakiki, dada akaarifiwa kwamba mradi unahitaji uongozi wa kisasa, na tangu siku hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa humo. Sasa ghala linahifadhi viti vya plastiki vya mikutano.

Hawakujua kwamba vyombo vibovu vilikuwa kwenye karakana ya shemeji vikisubiri gundi na nyuzi. Kwa vyombo hivyo vibovu okestra ikaendelea, barazani kwa dada, nota zikibanwa kwa vibanio vya nguo, na watu wa mitaa yote miwili wakileta mabenchi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na kila aliporudi kutoka hospitali kuchujwa damu alilala kitandani dirisha likiwa wazi, akiwasahihisha watoto waliokuwa barazani kwa kugonga ukuta. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, majirani waliompikia na kumfulia, walimu wenzake waliomshikia vipindi vya barazani, na wanafunzi wake, wakubwa kwa wadogo, waliombeba hadi hapa. Idara imeomba nafasi ya kusema machache, na familia, kwa heshima zote, imekataa. Badala yake tunawatangazia wazazi wote kwamba kesho asubuhi tunakwenda ofisini kwao kuvichukua vyombo vya watoto, shemeji akiwa mbele, na hatuendi kuomba.

Dada yetu, pumzika sasa, kwa amani ambayo hawakukupa ulipokuwa kazini.