Verna Mattingly, Kocha Aliyeikataa Mizunguko Miwili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni makelele ya jikoni kidogo, vuteni viti.

Leo tunamkumbuka Verna Mattingly wa Owensboro, hapa hapa Kentucky. Verna alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini. Alikuwa kocha wa ushangiliaji wa mashindano, mchezo ambao wasichana hubebana, hurushana na kudakana mbele ya majaji. Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Bi Godoro. Waliompa jina hilo walimpa kwa kumcheka, kwa sababu kila palipokuwa na godoro moja la mazoezi, yeye alitaka matatu.

Verna alizaliwa Whitesville, binti wa mkulima wa tumbaku. Dada yake mkubwa, Bi Rosalee Wathen, aliniambia kwamba mtoto yule hakuwa akitembea kama watu.

"Akitumwa mayai, anarudi anajibinua," alisema Bi Rosalee. "Mayai yanavunjika, baba anacheka. Mimi ningevunja moja tu, ningeipata fimbo. Verna hakuwa na woga hata chembe. Woga ulimjia ukubwani."

Ulimjia mwaka 1982. Nitawaambia ulivyomjia, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuficha.

Alikuwa kijana, kocha wa shule, na mazoezi yalifanyika kwenye sakafu tupu ya mbao. Wasichana walikuwa wakijenga mnara wa watu. Wa juu kabisa aliitwa Annette Clouse, miaka kumi na sita. Annette alimwambia, "Kocha, leo miguu yangu haina nguvu." Verna akamjibu, "Mara moja tu, halafu twende nyumbani."

Annette alipanda. Annette akaanguka.

Aliishi, wasikilizaji wapendwa, na yuko hai hadi leo. Lakini miguu yake haikumbeba tena. Verna alikwenda kumwona kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa zaidi ya miaka arobaini. Na yale maneno, "mara moja tu," hakuyatamka tena. Mume wake, Bwana Dwight, anasema hata katika karata ilikuwa hivyo. "Nikimwambia tucheze mara moja tu, ananijibu, sema mbili au uache."

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya Verna azungumzwe mji mzima.

Mnajua timu hizi hupangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni la wanaoanza. Kadiri unavyopanda, ndivyo msichana wa juu anavyosimama juu zaidi na kuzunguka zaidi anaposhuka. Kila Mei Verna alikaa ukumbini siku tatu, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akiwaangalia wasichana mmoja mmoja. Hakumwangalia anayeweza leo akiwa amelala vizuri. Alitaka mtoto afanye mara kumi mfululizo, awe amechoka, awe amekasirika, na bado atue salama. Na hakuangalia mmoja tu. Alitaka timu nzima, maana wa juu hadakwi na kipaji chake mwenyewe, anadakwa na mikono ya wenzake.

Mwaka 2013 alikuwa akifundisha katika ukumbi wa Redbud. Mwenye ukumbi alikuwa Bwana Curtis Goetz. Timu ilikuwa na wasichana kumi na sita, wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Verna aliangalia siku tatu, akaandika: daraja la pili.

Curtis aliisoma karatasi ile akiwa amesimama.

"La pili? Verna, unanitania. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wako la nne."

"Wenzetu wa ng'ambo wana wadakaji. Sisi tuna wanne tu wanaojua kudaka. Wanne kati ya kumi na sita, Curtis."

"Tunaye Delaney."

"Delaney yuko juu. Mimi nazungumzia walio chini."

Curtis akacheka. "Bi Godoro wewe! Ungeweza, ungewafunga mikanda hata kitandani."

Wiki mbili baadaye fomu ya mashindano ilitumwa. Ilikuwa imeandikwa daraja la nne, na sahihi haikuwa ya Verna.

Kwa nini hakuondoka siku hiyo? Bwana Dwight alimuuliza swali hilohilo wakiwa ndani ya gari lao. Walipopita daraja la mto Verna akasema, "Nikiondoka mimi, atakayesimama nyuma ya yule mtoto ni nani?"

Yule mtoto ni Delaney Roby. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, msemaji sana, anayetafuna kamba za sweta yake. Katika mchezo ule wa daraja la nne, wasichana wanne walimwinua Delaney mpaka akasimama juu ya viganja vyao, juu ya vichwa vyao. Kisha walimsukuma hewani. Alitakiwa azunguke mara mbili kama pia, halafu aanguke chali mikononi mwao. Mizunguko miwili. Akikatiza nusu, anashuka kifudifudi.

Mwezi wa tisa alikatiza nusu. Mwezi wa kumi alikatiza nusu. Siku moja kiwiko chake kilimpiga mdakaji wake, Cassidy Aud, puani, na damu ikamwagika juu ya godoro. Cassidy alirudi wiki iliyofuata, lakini mikono yake haikurudi ilivyokuwa. Kila Delaney aliposhuka, Cassidy alifumba macho. Ni kidogo tu, kama mtu aliyerushiwa maji. Verna aliona. Aliona kila mara.

Bi Rosalee anasema mdogo wake alipungua mwili msimu ule. Alikuwa akikaa mezani, chakula mbele yake, na sikio lake liko kwingine. "Nilijua anasikiliza nini," aliniambia. "Anasikiliza ile sakafu ya 1982."

Alhamisi moja ya Novemba, Verna alimkuta Delaney chooni anatapika kabla ya mazoezi.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Ni mchuzi wa nyama wa bibi, ile burgoo yake, Kocha. Nilikula nyingi."

"Alhamisi iliyopita pia ilikuwa burgoo?"

Mtoto alifungua bomba, akanawa uso, akaendelea kunawa hata uso ulipokwisha kuwa safi.

"Usimwambie mama," akasema. "Atanitoa juu."

Verna alimwambia mama. Alimngoja Tonya Roby kwenye maegesho ya magari, akamweleza yote.

Tonya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kocha, mimi nakuheshimu. Lakini mtoto wangu hakuwa muoga kabla ya kukujua wewe. Huo woga ni wako. Unamwambukiza."

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo lilimwingia Verna kuliko kejeli zote za Curtis. Alikwenda nalo nyumbani. Je, kama ni kweli? Kama Cassidy anafumba macho kwa sababu kocha wake amesimama pale, uso umemkauka, anangojea balaa? Ikawa sasa anaogopa mara mbili. Anaogopa mtoto ataanguka, na anaogopa kwamba woga wake ndio utakaomwangusha. Alijaribu kutabasamu mazoezini. Wasichana wakaulizana kama Kocha anaumwa na jino.

Tukaingia Februari, mashindano makubwa ya Louisville. Timu kumi na moja za daraja la nne.

Nyuma ya jukwaa kuna sehemu ya kupasha mwili joto. Kila timu hupewa dakika chache, kisha hufukuzwa ipite nyingine. Kumejaa muziki, vumbi la kumetameta na akina mama wenye makopo ya dawa ya nywele. Verna alisimama nyuma ya Delaney, mikono juu, kama alivyosimama msimu mzima.

Wakamwinua. Wakamsukuma. Akazunguka mara moja, akaanza wa pili, na bega lake likalegea. Alishuka kwa ubavu, kichwa kimetangulia. Cassidy alikuwa amefumba macho. Verna alijitupa, akampata kwa sweta na nywele. Kichwa cha mtoto kilisimama kiganja kimoja tu kutoka sakafuni.

Delaney alisimama, akajipangusa, akacheka. Cheko lile halikuwa la mtu anayecheka.

Verna aliwaita wote kumi na sita. Aliwaambia hivi, na maneno haya nimeyapata kwa Delaney mwenyewe: "Hakuna mizunguko. Atashuka moja kwa moja. Mruko wa mwisho, hakuna. Mtafanya yale mnayoyajua."

"Kocha, tutakuwa wa mwisho!"

"Ndiyo. Mtakuwa wa mwisho."

Cassidy aliangua kilio. Mwingine alitupa utepe wa nywele chini. Curtis alikuja akipenya katikati ya watu, shingo nyekundu. "Verna, huna ruhusa hiyo! Wazazi wamekuja toka Owensboro, wamejaa kule mbele!"

"Basi wataona watoto wao wakitoka kwa miguu yao," Verna alijibu.

Delaney hakulia. Alimkazia macho kocha wake. "Mimi nitazunguka," alisema. "Nikiwa kule juu, huwezi kunikamata."

Na jina la timu likaitwa.

Naomba mnielewe Verna alikuwa wapi. Kwenye zulia la mashindano kocha haingii. Anasimama pembeni, nyuma ya mstari. Mikono ile iliyosimama nyuma ya Delaney tangu Mei sasa haikuwa na pa kufika. Muziki ulianza. Watoto walikimbia. Verna aliona Delaney akikanyaga viganja, akaona magoti yananyooka, akamwona juu kabisa, taa zikimpiga usoni. Wakati wa kushuka ulifika. Bega la kushoto la mtoto likaanza kugeuka.

Bwana Dwight alikuwa kwenye viti vya juu. Anasema mke wake hakuinua mkono wala hakupiga kelele. Alisimama tu, mdomo wazi, kama mtu ambaye pumzi imemtoka na hajui itarudi lini.

Bega likarudi. Delaney akashuka moja kwa moja, chali, kwenye mikono ya wenzake wanne.

Wakawa wa kumi na moja kati ya timu kumi na moja. Ndani ya basi la kurudi hakuna aliyezungumza na Verna. Jumatatu Curtis alimwambia asirudi tena, alimwambia palepale mlangoni, bila kumkaribisha ndani. Mwaka uliofuata Redbud iliingia tena daraja la nne na kocha mwingine. Na nitawaambia ukweli, kwa sababu Verna hakupenda hadithi za kupambwa: hakuna aliyeanguka. Walishika nafasi ya tano. Mjini watu walisema, mnaona? Bi Godoro alikuwa muoga tu.

Verna alisikia. Alianza kuzunguka wilaya za jirani, akiitwa na kumbi ndogo kila Mei kuja kuwapangia timu zao madaraja. Wengine walimsikiliza, wengine walimlisha chakula kizuri halafu wakafanya walivyotaka. Alifanya hivyo miaka kumi. Kila alipoandika daraja dogo kuliko lililotarajiwa, mtu alimkasirikia.

Delaney hakusema naye kwa miaka minane. Nimezungumza naye wiki hii. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na mitano, ana mtoto. Nilimuuliza kwa nini hakuzunguka siku ile.

"Nilikuwa nimeshaamua kuzunguka," alisema. "Nilishaanza. Halafu nikatupa macho pembeni, nikamwona. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa vile. Mama yangu alikuwa anapiga picha. Bwana Curtis alikuwa anaangalia majaji. Yeye peke yake alikuwa ananiangalia mimi. Nikashuka."

Nikamuuliza, je, ungeanguka?

"Sijui. Nimejiuliza mara nyingi. Labda ningezunguka vizuri sana, na ningemchukia mpaka leo. Sijui, na sitajua."

Mwezi uliopita Delaney alikwenda kumwona hospitalini. Verna alikuwa amebaki mifupa, lakini akili yake iko palepale. Alimuuliza, "Nilikunyima kitu, siyo?"

"Ulininyima, Kocha."

"Ulikitaka sana?"

"Sana."

"Na mimi nilitaka uwe hapa unanilalamikia," akasema Verna. Bi Rosalee, aliyekuwa amekaa dirishani, anasema walicheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Wasikilizaji wapendwa, Verna Mattingly alizikwa jana Whitesville. Tunampa pole Bwana Dwight, mume aliyeishi naye katika ndoa miaka arobaini na minne. Tunampa pole Bi Rosalee, na wote waliowahi kusimama juu ya viganja vya wenzao huku Verna akiwa nyuma yao. Mungu awape nguvu.

Na sisi tuliobaki tufikiri kidogo. Huenda una mtoto anayesukumwa apande mahali, iwe uwanjani, iwe darasani, iwe kazini. Leo akirudi, muulize kama anaogopa. Halafu nyamaza, hata kama jibu linachelewa, hata kama anafungua bomba na kunawa uso. Kaa hapo hapo, umngoje.