Dorah Akech na Orodha ya Wenye Maduara

Baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi, Dorah Akech anastaafu tarehe 30 Juni 2023. Alipoingia ushirika wetu wa wachimbaji hapa Bomani, Tarime, dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu, na orodha ya wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ilikaa kwenye madaftari yaliyojaa tope. Dorah ndiye aliyeihamishia kwenye kompyuta.

Kanzidata aliyoijenga haikutunza majina tu. Ilitunza pia maagizo ya kuiambia kompyuta nani aingie kwenye orodha, neno kwa neno kama alivyoyaandika, hata maelezo yake ya pembeni. Mojawapo lilisema: "Usiguse. Huku mume anaweza kuwa mama."

Mwaka 2010 niliyagusa. Nilikuwa meneja wake, mwenye digrii. Nilipoona wanawake walioandikwa "mume", nikadhani ni makosa ya kuchapa. Niliandika agizo langu, la kumwacha nje kila "mume" aliye mwanamke, juu ya lake, na lake likafutika. Papo hapo wanawake thelathini na wanane, waliooa wake kwa mila ya Kikurya ili nyumba zao zipate warithi, wakatoweka kwenye orodha. Dorah, Mjaluo, aliijua mila hiyo. Mimi, Mkurya wa Nyamwaga niliyelelewa na bibi mwenye mke, niliisahau!

Mama Mokami alifika ofisini na sururu begani. "Meneja, ng'ombe nimetoa mimi, mke nimeoa mimi, halafu mashine yako inasema sipo?" Ofisi nzima ilicheka.

Dorah alikwenda tawi letu la Nyamwaga, ambako kompyuta ya majaribio ilikuwa bado na maagizo yake ya awali. Aliyanakili, akayarudisha, na kesho yake wote thelathini na wanane walikuwamo. Mama Mokami alicheza barazani mpaka viatu vikamvuka.

Bodi ilipouliza nani alikosea, nilinyamaza. Kwa kuwa kanzidata ilikuwa mikononi mwake, Dorah akapewa barua ya onyo, na kwa barua hiyo akanyimwa ukuu wa idara. Alijua ni mimi, lakini aliendelea kuniamkia kila asubuhi.

Maradhi hayanipi tena nafasi ya kuahirisha. Nimeipa bodi maelezo yenye saini yangu, nayo imeifuta barua ile. Mwenyekiti atalitangaza hilo kwenye sherehe, kabla ya chakula, Dorah akiwa ameketi meza kuu.

Dorah, asante, na unisamehe. Kapumzike na wajukuu, ucheke sana, uishi miaka mingi yenye heri.

Zablon Machage, meneja mstaafu