Neno Lililoandikwa Kwenye Kopo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu. Ni Mwalimu Hilaria Ndosi, wa mlimani, juu kidogo ya Kwa Sadala. Mwalimu Hilaria ametutoka mwezi huu, Machi 2007, na wengi mliopiga simu hapa studio mkitaka habari zake zisimuliwe ni wale aliowafundisha.

Alifundisha Kiswahili shule ya msingi. Alifundisha mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakaanza kumletea watoto wao. Alipostaafu akafungua duka la pembejeo pale Kwa Sadala. Mnaikumbuka miaka ile. Zamani dawa ya mibuni ilikuja kupitia chama cha ushirika. Soko likafunguliwa, chama kikayumba, kila mkulima akaambiwa ajitafutie mwenyewe. Dawa zikaja kutoka kila upande, nyingine kwenye chupa za soda.

Mwalimu Hilaria alikuwa na msimamo. Hakuuza kitu kisicho na alama ya ubora. Ukiingia dukani, ukishamwamkia shikamoo, anakugeuzia kopo uione alama kwa macho yako ndipo ununue. Watu walipita maduka mengine wakaenda kwake.

Mwaka 1997 akaja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, aliyejiita Primus. Alileta dawa ya mibuni kwenye makopo mapya, yanang'aa. Kwenye mfuniko kulikuwa na alama ya duara, namba ndogo, na maneno mawili: LIMETHIBITISHWA UBORA.

Mwalimu aliyasoma. Binti yake, Monica, alikuwepo, na anakumbuka kwamba mama yake alicheka. Alisema watu wa viwandani Kiswahili kimewashinda. Dawa inathibitishwa, kwa hiyo waandike imethibitishwa. Kisha akayapanga makopo kwenye rafu.

Kopo la kwanza alilipeleka nyumbani. Mumewe, mzee Basili, alijaza bomba akapulizia karibu kihamba chote, shamba la nyumbani lenye mibuni chini ya migomba.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliamka akadhani amepoteza usikivu. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Alitoka nje akaita jina lake mwenyewe, ili ajue kama anasikia. Chini ya mibuni nyuki walikuwa wamelala kama punje zilizomwagwa. Vinyonga walikuwa wamedondoka, midomo wazi. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba boma limechezewa kichawi, na mmoja akasema achinjwe mbuzi.

Mzee Basili alirudi kihambani kumalizia sehemu iliyobaki. Saa sita mchana, jua likiwaka, aliingia ndani akauliza kwa nini wamefunga madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Jasho lilimtoka, mate yakamtiririka, na mboni za macho zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha ya sindano. Akaketi, akaelekeza kidole nje.

"Mama Monica," alisema, "hao watu waliosimama kwenye migomba wanataka nini?"

Mwalimu alitazama. Palikuwa na migomba tu. Akamwambia hakuna mtu.

"Wapo," alisema Basili. "Wamenigeuzia migongo."

Walimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni sumu. Mzee Basili hakurudi nyumbani akiwa hai.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya maziko Mwalimu Hilaria alilifunga duka, akalifunga lile kopo kwenye kitambaa, akashuka Moshi mjini kwenye ofisi ya mambo ya viwango. Alipokelewa na dada mmoja mtaalamu, Doris. Monica alikuwa amemsindikiza mama yake. Anasema Doris alilitazama kopo, akaisoma ile namba ndogo.

Kisha akaeleza kwa upole. Alama ile ni ya kweli. Kiwanda kilichoitumia ni halali na hakina kosa. Ila ni kiwanda cha makopo. Alama ya ubora haisemi kwamba kila kitu ni kizuri. Inasema kitu fulani kimepimwa kwa kipimo fulani, na ile namba iliyo chini yake ndiyo inayosema ni kitu gani. Hapa kilichopimwa ni bati. Halivuji, halipati kutu. Primus alinunua makopo matupu akatia mchanganyiko wake.

"Kopo limethibitishwa, mwalimu," alisema Doris. "Dawa hakuna aliyeipima."

Mwalimu aliligeuza kopo akausoma tena mfuniko. Ndipo akasema, "Ngeli hizo nimewafundisha watoto wa darasa la tatu. Li ni ya kopo. Niliisoma, nikacheka."

Mnaelewa, wapendwa? Dawa ingeandikwa imethibitishwa. Kopo ndilo limethibitishwa. Neno lilisema kweli tangu mwanzo.

Walimtafuta Primus huko Pasua alikosema ana ghala. Palikuwa pakiuzwa magodoro, na hapana aliyemjua.

Mwalimu akaanza kupita boma kwa boma na toroli, akiyakusanya makopo aliyouza. Wengi walimpa. Wengine walimfungia mlango. Mzee Rogath, jirani wa juu, alikataa kabisa. Alisema dawa ile inaua vizuri.

"Ndiyo, mzee," alijibu mwalimu. "Basili pia."

Mzee Rogath aliingia ndani, akayatoa yote.

Lakini yapelekwe wapi? Kila ofisi ilimwambia hawana pa kuyaweka, ayahifadhi kwanza. Kumwaga mferejini hakuweza, maji yale wananywa watu wa chini. Kutupa hakuweza, angeokota mtu. Akayafungia kwenye chumba cha matofali kilichopakana ukuta na chumba chake cha kulala. Watoto walimsihi ahamie kwao Shirimatunda. Alikataa. Alisema yeye ndiye aliyeyauza, na yeye ndiye atakayeyalinda.

Aliishi hivyo karibu miaka tisa. Ukimtembelea mchana, jua likipanda, makopo yale mle chumbani yalitanuka kwa joto, yakagonga. Yaligonga polepole, kama mgeni mwenye adabu. Siku moja Monica alikuwa anakula, akasikia, akaitikia, "Karibu."

"Si mgeni," mama yake alimwambia. "Endelea kula."

Mwaka jana, 2006, hatimaye watu wa serikali walikuja kukusanya sumu za zamani. Walivaa vinyago na glavu. Walipomaliza kubeba, mmoja wao alimuuliza mwalimu ni nani aliyekuwa akifagia chumba kile. Hakikuwa na utando wa buibui, wala sisimizi, wala mavi ya mjusi. Mwalimu alimwambia hajakifagia hata siku moja.

Usiku ule, Monica anasema, mama yake alilala kwa mara ya kwanza bila kuweka sikio ukutani. Miezi michache baadaye moyo wake ukasimama.

Kwa Monica, kwa wadogo zake, kwa ukoo mzima wa Ndosi na kwa wanafunzi wote wa Mwalimu Hilaria, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Amezikwa kihambani, kando ya mzee Basili. Nasi tuliobaki, tukiona neno imethibitishwa, tusimame kidogo. Tuulize kilichopimwa ni nini, na aliyepima ni nani. Kuuliza si kumkosea mtu heshima.

Monica ameniomba nitangaze jambo moja. Wapo wanaokwenda kuulizia kile chumba, wakitaka kukipanga waweke mahindi. Hakipangishwi. Mlango umeachwa wazi kipate hewa, na kuku wa boma lote wanadonoa pale nje kutwa. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti.