Bi. Avelina na Blogu za Saa Nne

Bi. Avelina Kokushubila anaagana nasi rasmi Juni 30, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kampuni yetu ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Aliingia akiwa binti wa kuchapa nyaraka kwa taipureta, anaondoka akiwa karani mkuu. Makontena yaliyokwama bandarini aliyapigania kwa ile sauti yake ya upole, inayowachosha watu hadi wanakubali yaishe.

Lakini tuseme ukweli jamani. Ukimtaja Bi. Avelina hapa ofisini, nani atakumbuka makontena? Watu watakumbuka blogu.

Kila siku saa nne, chai ikishamiminwa na chapati zimefika, alivaa miwani, akafungua blogu anazozipenda na kutusomea kwa sauti. Ilikuwapo ya mapishi, na ya dada mmoja wa Mabibo anayeandika vituko vya wapangaji wenzake, tukacheka mpaka chai inatupalia. Ila kipenzi chake alikuwa Mzee Albano wa Newala, mwalimu mstaafu, anayeandika mambo madogomadogo tu: ukungu unavyopanda asubuhi kutoka bonde la Ruvuma, harufu ya mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho, kuku wake mweupe asiyependa wageni. Nje malori yanapiga honi, vumbi linaingia dirishani, na sie tuko Newala. Salumu, dereva wetu, alikuwaga anafumba macho kabisa. Ukimgusa anakasirika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Bi. Avelina mwenyewe, mzaliwa wa Bukoba, hajawahi kukanyaga Newala hata siku moja, ila alijua mlango wa jikoni kwa Mzee Albano unafungukia upande gani.

Novemba iliyopita Mzee Albano aliandika kwamba kifua kinambana na kesho yake angekwenda hospitali. Baada ya hapo, kimya. Kila asubuhi Bi. Avelina alifungua ukurasa ule, akautazama, akaufunga. Saa nne tukawa tunakunywa chai tu. Mama wa watu alikonda, kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura.

Mwezi ulipokwisha na wa pili ukaingia, tukakata tamaa, tukafanya kama tunavyofanya mwenzetu akifiwa. Tulisimama kimya kidogo, kisha kila mmoja akaandika rambirambi chini ya habari yake ya mwisho. Jenipher wa uhasibu alilia. Salumu aliandika innalillahi kwa mtu anayeitwa Albano, na hakuna aliyemcheka. Bi. Avelina aliandika wa mwisho: kwamba kwa miaka mingi aliingia kwake kila siku, akakaa, akashiba, akaondoka bila hodi wala ahsante, maana aliona haya kumwandikia mtu asiyemfahamu, na sasa hana pa kuipeleka hiyo ahsante.

Wiki iliyofuata palikuwa na habari mpya. Ilianza hivi: "Marehemu anawasalimu."

Bi. Avelina alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Kumbe mzee alikuwa amepona siku nyingi! Aliacha kuandika kwa sababu nyingine kabisa: miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwandikia neno, akaamini anaongea na ukuta. Siku hiyo alikuwa amefungua ukurasa ili aufute, ndipo akaukuta msiba wake mwenyewe. Aliandika kwamba alisoma rambirambi zote, akatoka nje, akakaa kibarazani akalia, kwa sababu hakujua kwamba ana watu Kurasini.

Anaandika mpaka leo. Na Bi. Avelina siku hizi hafungi ukurasa wa mtu bila kuacha neno, hata kama ni "nimepita, nimefurahi."

Sasa sie wa ofisi hii tuna tabia mbaya: mtu tunamsifia akishaondoka. Leo hapana. Bi. Avelina, umekaa hapa mbele yetu na unasikia. Kuna asubuhi nyingi ambazo hatukuja kufuata kazi wala mshahara. Tulikuja kukusikiliza wewe, na hatukuwahi kukuambia. Nenda kapumzike kwako Kibamba, usome mpaka uchoke, Mungu akupe afya na macho mazima. Ahsante, mama. Tunakupenda sana.