Mdomo Uliokwenda Upande na Uji wa Mama

Bwana asifiwe, watu wa Chaani! Itikieni kwa nguvu, maana huu mdomo wa kuwasalimia nimerudishiwa juzi tu!

Ndugu zangu, mwanijua. Mimi ndimi Karisa, nauza viazi karai pale steji ya matatu, na humu ndani hakuna mtu sijamwigiza. Basi siku ya mazoezi ya kwaya mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka kama nina kiazi cha moto ulimini. Mkacheka hamna mbavu! Riziki wa sauti ya kwanza akapiga makofi: "Rudia, Karisa! Huyo ni mzee gani wa kanisa?" Mimi nakufa, nyinyi mwataka nirudie!

Mkono wa kulia ukaangusha kitabu cha nyimbo. Mama, naye yumo kwayani, akaona siokoti. "Huo si mchezo! Iteni tuktuk!"

Imajensi ya hospitali, wapokelewapo wagonjwa wa dharura, ndugu zangu, ni kama soko: huyu kaangushwa na bodaboda, yule pumu, mwengine uchungu wa kuzaa. Madaktari wamkimbilia kila mtu. Mungu awabariki! Wakanipiga picha ya kichwa, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa, na kwa vile Mama aliniwahisha, wakanidunga dawa ya kuiyeyusha. Sikufa. Lakini kusema? Wapi!

Wakanihamishia wodi ya kiharusi. Huko hakuna bodaboda wala pumu, sote midomo upande! Na wauguzi wake kazi yao ni ugonjwa huo tu. Mama akaja na chupa ya uji, maana kwetu mgonjwa asiyelishwa uji ni kama hana mamake. Muuguzi akamshika mkono: "Bado, mama! Hatujajua kama aweza kumeza. Uji ukimwingia mapafuni tutampoteza." Akanijaribu na kijiko cha maji. Nikapaliwa! Mama akaikumbatia chupa yake, akaomba huku akilia.

Wakanifunza kumeza, kufinya mpira, kutamka "ma-ma-ma" kama mtoto mchanga. Hata ikafika siku, koo likakubali. Mama akanitilia kijiko cha uji. Nikameza! Nikafunua mdomo, neno likatoka zima: "Sukari!"

Haleluya! Mama akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia, kila mtu na upande wake!

Ndugu zangu, mtumainini Mungu. Yeye ndiye alompa Mama macho, na wale wauguzi mikono. Na mkiniona tena mdomo umekwenda upande, nibebeni hospitali kwanza. Vicheko mtaniletea wodini. Uji, muulizeni muuguzi!